Picha Inakuwa Uzi Namna Gani?

Twaa shati ao fulana moja yenye alama iliyoshonwa kwa uzi: alama ya shule, ya kwaya, ya timu ya mpira, ao ya kampuni. Geuza nguo hiyo, tazama upande wa ndani. Kwa nje unaona kitu kimoja tu, simba ao ua ao herufi. Kwa ndani unaona njia. Hapa uzi umeingia, hapa umerudi, hapa umeruka kutoka herufi moja mpaka ingine, hapa umekatwa. Ukifuata njia hiyo kwa kidole, utafahamu jambo ambalo wale wanaouzisha mashine hawapendi kulisema: ndani ya mashine ya broderi hamna picha. Kuna safari ya sindano tu, na kuna mtu aliyeipanga safari ile.

Jambo hili linatuhusu sisi watu wa Kabambare, Kasongo, Salamabila na Namoya. Feza ya dhahabu haikai. Mwezi huu iko, mwezi ujao shimo limejaa maji. Kwa hiyo baba na mama wanatafuta kazi ya kuitia feza ile mbele haijaisha, na kijana wa nyumbani anasema: «Baba, tununue mashine ya broderi ya ordinateri. Unatia picha ya telefone, inashona yenyewe.» Mashine ndogo ya namna hiyo inauzishwa mamia ya dola, ile kubwa ya biashara, maelfu. Basi neno «yenyewe» lichunguzwe vizuri mbele mbuzi hawajatoka zizini.

KAZI AMBAYO MAMA ZETU WANAIJUA

Kutarizi, ao kama tunavyosema wengi, kutia broderi, si kazi ngeni huku. Mama anayetaka kupamba shuka la kitanda ao naperoni ya meza anachora ua kwenye karatasi, kisha analipitisha kwenye kitambaa kwa karatasi ya kaboni. Akikosa kaboni, anatoboa mistari ya ua kwa sindano, tundu kwa tundu, halafu anapangusa unga wa makaa juu ya karatasi. Makaa yanapita katika matundu na ua linabaki kwenye kitambaa. Hapo ndipo kazi ya akili inaanza. Kikonyo cha ua atakishona kwa mstari mmoja mwembamba. Jani atalijaza kwa nyuzi zinazolala kando kando. Katikati ya ua atatia mafundo madogo. Karatasi haikumwambia hayo. Yeye ndiye aliyeamua uzi ulale upande gani, uanze wapi, umalizikie wapi.

Kasongo na Nyangwe zinajua pia kofia na kanzu, zilizofika na waungwana kutoka pwani katika karne ya 19. Kofia ile ya mkono yenye vitundu vidogo ni kazi ya majuma mengi, na kila kitundu kinazungushiwa uzi. Kwa upande wa Kasai, wanawake wa Kuba wanatarizi vitambaa vya rafia bila kuchora kitu mbele. Mchoro wote uko katika kichwa cha mshonaji.

Tena usimsahau papa fundi mwenye mashine ya miguu. Anatosha kile kiguu kinachokandamiza kitambaa, anashusha ama kufunika meno yanayokivuta, anakibana kitambaa kati ya pete mbili za mti, kisha anakisukuma kwa mikono yake miwili huku sindano ikipanda na kushuka. Mikono ndiyo inayochora. Fundi anayejua kuandika jina la mtu kwa namna hiyo amekwisha kujua nusu ya kazi tunayoieleza hapa, hata kama hajagusa ordinateri hata siku moja.

MASHINE ILIFIKAJE HAPO

Katika mwaka 1828, huko Mulhouse, Ufaransa, Josué Heilmann alitengeneza mashine yenye sindano nyingi. Mtu mmoja alikaa mbele ya mchoro uliokuzwa mara 6, akaufuata kwa ncha ya chuma, alama kwa alama, na sindano zote zikafuata mkono wake katika kipimo kidogo. Mwaka 1863 Isaak Gröbli wa Uswisi alileta mashine ingine yenye mwendo wa haraka, na mwaka 1898 mtoto wake akaiondolea ule mkono wa mtu: safari ya sindano iliandikwa kwa matundu katika karatasi ngumu, na mashine ikasoma matundu. Mtu wa kutoboa karatasi ile alikuwa fundi wa kuheshimiwa. Kisha ordinateri ikachukua nafasi ya karatasi. Kampuni ya Wilcom, ambayo inajulikana sana katika kazi hii, ilianzishwa Sydney, Australia, mwaka 1979. Vyombo vimebadilika. Mtu wa kupanga tundu moja moja yuko palepale.

Na fishie inayoingia katika mashine leo, ukiweza kuisoma, inasema maneno machache tu: enda kuume milimita 2, shuka milimita 1, choma, enda tena, choma, ruka bila kuchoma, simama, badili uzi, mwisho. Katika fishie za namna ya DST, ambazo zilitoka kwa kampuni ya Tajima ya Japani na ambazo mashine nyingi za biashara zinasoma, kila mwendo unapimwa kwa sehemu ya kumi ya milimita, na mwendo mmoja hauwezi kupita milimita 12 na sehemu moja. Hakuna neno «simba» humo.

TUMCHUKUE KASUKU

Tuseme shule moja inataka kasuku kwenye mfuko wa shati. Kasuku wa pori letu ni wa kijivu na mkia mwekundu, kila mtoto anamjua. Kijana anampiga picha kwa telefone. Ukiikuza picha ile sana, unaona imekuwa miraba midogo midogo, kila mraba na rangi yake. Wewe unaona kijivu kimoja. Picha ina vijivu mia, sababu ya kivuli, jua, manyoya.

Programu nyingi zina kitufe cha kugeuza picha kuwa broderi mara moja. Kijana anakibonyeza. Programu haijui kama huyu ni ndege. Inaona madoa ya rangi, na kila doa inalijaza uzi peke yake. Matokeo ni vipande vingi vinavyopandana, sindano inaruka huku na huku, inachoma mahali pamoja mara nyingi mpaka kitambaa kinatoboka ama uzi unakatika. Kasuku anatokea kama mtu aliyeanguka katika matope. Ndiyo maana nasema kitufe kile ni cha kuchezea. Kwa alama ya herufi kubwa na rangi mbili kinaweza kusaidia, kwa picha ya kiumbe hapana.

Fundi anafanya namna ingine. Anaweka picha chini, kama mama anavyoweka mchoro chini ya karatasi ya kupitishia, na juu yake anachora upya mistari yake mwenyewe, michache. Anapunguza: vijivu mia vinakuwa viwili. Manyoya hayahesabiwi. Jicho linakuzwa kidogo, kwa sababu jicho la kweli la ndege lingekuwa nukta isiyoonekana. Kisha kwa kila sehemu anachagua mshono.

Mishono ya msingi ni mitatu. Kuna mstari, sindano ikienda mbele tu, hatua ya milimita 2 na nusu hivi. Ni kwa makucha na mistari myembamba. Kuna mshono wa kulaza, uzi ukienda ng'ambo na kurudi kama ngazi iliyobanwa, unang'aa kama hariri. Ni kwa herufi, mdomo, pindo. Huu usiupanue kupita milimita 7 hivi, sababu uzi mrefu unalegea na kunasa katika misumari na vidole vya watoto. Na kuna mshono wa kujaza, mistari inayolala kando kando, nafasi ya milimita 0.4 kati ya mmoja na mwingine, kwa sehemu pana kama tumbo la ndege.

Fanya hesabu pamoja nami. Mraba wa sentimita 10 kwa 10 ukijazwa wote: milimita 100 gawanya kwa 0.4, ni mistari 250. Kila mstari una urefu wa sentimita 10, basi ni metre 25 za uzi kwa juu, mbali na uzi wa chini. Ukichoma kila milimita 4, ni michomo 25 kwa mstari, jumla 6250. Mashine inayochoma mara 600 kwa dakika itakaa hapo zaidi ya dakika 10, na kipande kitakuwa kigumu kama ubao juu ya kifua cha mtoto. Fundi mwenye akili anafanyaje? Kama kitambaa chenyewe ni cha kijivu, anakiacha kitambaa kiwe ndege! Anashona pindo, jicho, mdomo, na mkia mwekundu. Uzi umebaki, wakati umebaki, na kasuku anapendeza kupita yule aliyejazwa.

UZI UNAVUTA

Hapa ndipo mama wa mashuka anampita kijana wa ordinateri. Yeye anajua kwamba uzi ukikazwa, kitambaa kinakunjamana. Mashine inakaza kila mchomo, maelfu ya mara. Ukichora duara kamili kwenye ordinateri, ukalijaza kwa mistari ya kulala, kwenye nguo utapata yai: duara limefupika upande ule uzi unakoelekea na kusukumwa kidogo upande wa pili. Kwa hiyo mchoro unafanywa wa uongo kwa makusudi. Unaongeza milimita 0.2 mpaka 0.4 kwenye miisho ya mishono, kusudi uzi ukiisha kuvuta, umbo lirudi katika haki yake. Fulana inayonyooka inahitaji nyongeza kubwa kupita kitambaa kigumu cha shati la shule.

Tena, mbele ya mshono unaoonekana kuna mshono wa chini usioonekana. Fikiria nyumba ya miti na udongo. Huwezi kupiga udongo mbele ya kufunga fito. Mishono michache, yenye nafasi kubwa, inatangulia kushika kitambaa na kile kitambaa kigumu cha nyuma, cha namna ile mafundi wanatia ndani ya kola, kisha mshono wa juu unakaa juu yake bila kuzama. Watu wanaotaka kubana uzi wanaacha sehemu hii, na alama zao zinakunjika baada ya kufuliwa mara mbili.

Utaratibu wa sehemu nao una maana. Mara nyingi tunaanza katikati na kwenda pembeni, sehemu za chini kwanza, mapindo mwisho. Ukianza kwa pindo kisha ukajaza ndani, kitambaa kinachosukumwa hakina pa kwenda, kinavimba katikati kama mkate.

Halafu kuna herufi, na hapa wakubwa wa shule watanisamehe. Herufi ya kushona isiyofika milimita 5 kwa urefu haisomeki vizuri. Tuchukue alama ya mviringo, maandiko yakizunguka kwenye duara ambalo nusu-kipenyo chake ni sentimita 3. Mzunguko wake ni karibu sentimita 19. Kila herufi pamoja na nafasi yake inakula milimita 5. Basi herufi 37 zimejaa! Jina refu la shule, jina la mtaa, mwaka wa kuanzishwa, na neno la kuwatia wanafunzi moyo, vyote haviingii. Mtu anayepanga broderi lazima awe na uhodari wa kumwambia mteja: «Papa mkubwa wa shule, tuchague jina peke yake.» Akikubali yote ili asimuudhi, atalipa yeye mwenyewe mashati yaliyoharibika.

MASHINE IKAE WAPI?

Utauliza: sasa tununue ao tusinunue? Kwa maoni yangu, jamaa ya huku isianze na mashine. Ianze na ufundi wa kupanga mishono, ambao unahitaji ordinateri ya mkono, hata ya mitumba, na umeme kidogo wa plake za jua. Kuna programu inayoitwa Ink/Stitch, inayofanya kazi ndani ya programu ingine ya kuchora, Inkscape. Zote mbili ni za bure kabisa, si za kuiba, na unaweza kusoma maneno yake kwa Kifaransa. Anayefika mjini kwenye intaneti nzuri anaweza kuzishusha mara moja, kuziweka katika kle, na kuzileta nyumbani. Kisha zinatumika bila intaneti. Programu hiyo inaonyesha kwenye kioo safari yote ya sindano mbele hujatumia uzi hata kidogo. Inaandika fishie za DST, na za mashine za nyumbani kama PES za Brother na JEF za Janome.

Fishie haina uzito. Inasafiri kwa telefone kwa nukta chache mpaka mji wenye mashine na umeme wa kutosha. Vipande vilivyoshonwa vinarudi katika kifuko kimoja kwenye moto, na papa fundi wa huku anavifunga kwenye mifuko ya mashati kwa mashine yake ya miguu. Kazi yake haikufa. Na barabara ikiharibika kwa mvua, kilichokawia ni kifuko kimoja. Mashine haikuanguka mtoni.

Siku utakapotaka mashine yako mwenyewe, soma kwanza kibao cha nyuma yake. Zile zilizotengenezwa kwa soko la Marekani nyingi ni za volti 110 hadi 120. Ukizichomeka kwenye 220 bila transfoma, moshi utakujibu. Linganisha wati za kibao na nguvu ya chombo chako cha kugeuza umeme wa batri. Uliza kama umeme ukikatika katikati ya herufi mashine inakumbuka ilipofika, kwa sababu zingine zinakumbuka na zingine hapana. Uliza sindano na vipuri vinapatikana mji gani. Muuzaji akikosa majibu, funga mfuko wako.

Lakini kuna neno moja la nyumbani. Katika jamaa nyingi ordinateri ni ya kijana mwanaume, na mama haitwi hata kuitazama. Hiyo ni hasara. Kijana anajua kubonyeza. Mama anajua uzi ulale wapi. Kaa naye, umuulize: «Mama, jani hili ungelishona namna gani?» Jibu lake ndilo unaloandika katika programu. Na mwezi huu, hata kama hamna ordinateri, mnaweza kuanza kwa kalamu: chukueni karatasi ya miraba ya daftari, chora alama moja, na kwa kila sehemu mwandike mstari, kulaza ao kujaza, tieni mshale wa upande ule uzi unakolala, na namba ya utaratibu. Kisha tafuteni njia ambayo sindano itapita ikiruka mara chache kuliko zote. Ni kazi tamu, mtaona jioni imepita.

MBELE YA KUTUMA FISHIE

Fishie ya DST inajua wapi pa kubadili uzi, lakini haijui rangi. Kwa hiyo tuma pamoja nayo karatasi: kwanza kijivu, pili nyekundu, tatu nyeusi. Usipofanya hivyo, kasuku wako atarudi na mkia wa kijani, na fundi wa mjini hatakuwa na kosa. Katika telefone, itume kama fishie, usipige picha ya kioo na kutuma ile picha. Hapo ungekuwa umerudi mwanzo.

Usimruhusu mtu kuikuza ao kuipunguza fishie ya mishono ovyo. Moja kwa kumi ya kipimo inavumilika. Ukiikuza maradufu, mashine nyingi zinatawanya mishono ileile na kitambaa kinaonekana katikati. Ukiipunguza nusu, michomo inasongamana na sindano inavunjika. Rudi kwenye mchoro wako, weka kipimo kipya, programu ipange mishono upya. Hifadhi basi fishie mbili, ile ya mchoro na ile ya mishono, na ile ya mchoro usimpe kila mtu.

Omba kipande kimoja cha kujaribu kwenye kitambaa kilekile cha kazi, kisha kifue kwa sabuni na kukianika juani mbele ya kuagiza mia. Na kwa habari ya bei: mafundi wengi wa mashine wanalipisha kwa kila michomo elfu moja. Namba ya michomo programu yako inaionyesha. Iandike, na mbele ya kupiga simu, tazama tena kama tumbo la kasuku lilihitaji kujazwa.